Kadi mpya ya netiweki: mizani inajibu pingi, kilo hazisomeki

Karani_Kibaigwa
Mbukwenyi wakuu. Naomba msaada kabla bosi hajarudi kutoka mjini Dodoma. Natunza mizani ya magari kwenye kinu cha kukamua alizeti hapa Kibaigwa. Radi ya wiki iliyopita ilipita na waya, ikaunguza tundu la netiweki kwenye kompyuta (Windows 10). Nimenunua kadi ya Realtek, nimeichomeka ndani, draiva imeingia, taa inawaka kijani.

Kile kiboksi cha mizani kinachoonyesha kilo kina anwani 192.168.1.20. Nikikipigia pingi (kukiita kwenye waya kuona kama kipo) kinajibu vizuri. Ila programu ya kusoma uzito inaonyesha 0 tu, hata Fuso ikiwa imepanda. Programu yenyewe haikutoka kwa waliotuuzia mizani. Aliiandika kijana mmoja miaka hiyo, simu yake haipatikani, na CD sina. Kwa hiyo msiniambie nipige Windows upya!

Siku ya tatu naandika kwa mkono kwenye kaunta buku. Wakulima hawataki, wanadai karatasi ya printa. Mama mmoja kaniambia, "Mwanangu, kalamu yako ina njaa."

mzee_wa_fomati
Piga Windows upya mkuu, utanishukuru.

FundiWaya
Huyo hapo juu hajasoma. Mkuu, kompyuta umeipa anwani gani, na zamani ilikuwa ngapi?

Karani_Kibaigwa
Zamani 192.168.1.50, imebandikwa nyuma ya skrini. Nilipoiandika, Windows ikaleta Kiingereza kirefu, eti anwani hiyo ni ya kadi nyingine ambayo haipo. Nikaogopa, nikabonyeza No, nikaweka .51.

FundiWaya
Hapo ndipo. Pingi unaitoa wewe kwenda kwenye mizani, na .51 na .20 zinakaa mtaa mmoja, lazima ijibu. Lakini uzito unatoka kwenye kiboksi kuja kwako, na kiboksi kilishaelekezwa kupeleka .50. Kinampelekea marehemu! Kadi iliyoungua bado imo kwenye kumbukumbu za Windows, imeshikilia anwani yake.

Bonyeza kitufe cha Windows na R pamoja, andika ncpa.cpl (orodha ya kadi za netiweki), ingia kwenye kadi mpya, rudisha .50, safari hii bonyeza Yes. Ikigoma, fungua devmgmt.msc (orodha ya vifaa vya kompyuta) kwa njia hiyo hiyo, nenda View, chagua Show hidden devices, ile kadi iliyofifia uifute. Na kama intaneti unaipata kwa simu, sehemu ya gateway (mlango wa kutokea kwenda intaneti) iache tupu, kompyuta isije ikaanza kutafuta intaneti kwenye mizani.

Karani_Kibaigwa
.50 imekubali bila kelele. Bado 0. Na nje kuna foleni.

FundiWaya
Nimejisahau, fayawoli, yule mlinzi wa Windows anayezuia vinavyoingia kutoka kwenye mtandao. Kwa kadi mpya, Windows imeuona mtandao huo kama mgeni, ikauweka kundi la Public, la mitandao isiyoaminika. Programu yako nadhani ilipewa ruhusa kwenye Private tu. Ingia kwenye orodha ya programu zinazoruhusiwa kupita fayawoli, itafute, weka tiki na kwenye Public. Usizime fayawoli yote, najua unavyojisikia na hiyo foleni.

mzee_wa_fomati
Mi ningezima.

Karani_Kibaigwa
Tiki ndiyo ilikuwa inakosekana! Kirikuu imepanda, skrini inasoma 1,460, sawasawa na kiboksi. FundiWaya, ukipita barabara ya Morogoro ushuke Kibaigwa, dumu lako la mafuta lipo. Yule mama alikuwa wa pili kwenye foleni. Kaisoma karatasi yake mara mbili, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka bila kunisemesha.