Tupeane uzoefu: siku uliyopiga simu redio ya mjini kwenu, au uliposikia unatajwa

Mwana wa Makorora

Wakuu, habari za jioni.

Jumanne nilikuwa kwa kinyozi, Makorora, hapa Tanga. Redio iko juu ya kabati la taulo, antena imeungwa kwa waya wa hanga. Kipindi cha asubuhi, kile cha mambo ya mjini: leo shule, kesho soko, keshokutwa mambo ya kale. Siku hiyo mada ilikuwa shule kongwe. Mtangazaji, kijana mwenye sauti yake nzuri tu, akateleza akasema shule ya Usagara imeitwa Usagara tangu ijengwe.

Kinyozi akazima mashine. Nusu ya kichwa changu tayari, nusu bado. "Kaka, nivumilie kidogo." Akapiga simu, inatumika. Akapiga tena. Mara ya tano ikapokelewa, na kwa kuwa redio ilikuwa hatua mbili tu, sauti yake ikaanza kujirudia na kupiga mluzi mle ndani. "Msikilizaji, punguza redio yako!" Mimi ndiye niliyenyanyuka, shuka shingoni, nikapunguza.

Akawaambia marehemu baba yake alisoma pale ikiitwa Karimjee. Akaongeza kwamba hata Galanos, ile shule nyingine, si neno la Kisambaa kama vijana wanavyodhani, ni jina la Mgiriki, Christos Galanos, tajiri wa mkonge. Dakika moja na nusu hivi. Mtangazaji akashukuru, akaenda kwenye tangazo la magodoro. Kinyozi akarudi kichwani kwangu mkono unatetemeka kwa furaha, na hadi leo nina alama juu ya sikio la kushoto. Hata mia tano hakunipunguzia.

Nikawaza: mjini humu kuna watu wangapi wanaojua jambo ambalo halijaandikwa popote, wanangoja tu mtu akosee redioni? Basi tupeane visa. Shule, biashara, historia, chochote, ilimradi kilikupata wewe mwenyewe. Mwenye lawama asitaje jina la redio, mji wenyewe huu tunajuana.

Mzee wa Barabara ya Nane

Nimecheka hapo kwenye shuka shingoni. Mjukuu wangu ndiye ananiandikia, msahihishe mkiona makosa.

Sisi tulikua na redio moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Ilikuwa redio ya kuamriwa, na sisemi hivyo kwa ubaya. Mwaka 1973 kwenye kampeni ya Mtu ni Afya tulikaa chini ya mwarobaini na mwalimu wetu, redio juu ya kiti, tukimaliza kusikiliza tunajadili, tukimaliza kujadili tunakwenda kuchimba choo. Choo changu cha kwanza nilichimba kwa amri ya redio, na kilidumu.

Lakini redio ile haikuwa na habari na Ngamiani. Mara ya kwanza kusikia mtaa wangu ukitajwa hewani ilikuwa kwenye matangazo ya vifo. "Habari ziwafikie ndugu na jamaa, Barabara ya Nane, Tanga." Jirani yetu alifia Mwanza. Nakumbuka tulivyonyamaza, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo kusikia Barabara ya Nane ikisemwa na mtangazaji wa Dar kwa sauti ile nzito.

Hizi redio za mjini zilipokuja niliona ni za watoto. Siku moja wakaweka kipindi cha taarabu ya Tanga, vile vikundi viwili hasimu, Black Star na Lucky Star. Nikapiga. Nikaeleza jinsi mji ulivyogawanyika, mama yangu Lucky Star, mama mdogo Black Star, harusini kila mmoja anakaa upande wake, na sare hawashoni kitambaa kimoja. Nikaeleza vizuri. Nilipokata tu akaingia mtu wa Chumbageni akasema, "Huyo mzee aliyetangulia amechanganya, Lucky Star walikuwa wakikaa upande wa mlango." Mama yangu mimi! Nimepiga tena mara kumi na moja sikuipata laini. Wiki ya tatu sasa. Kama bwana huyo yumo humu, ajitokeze.

Mama Sare

Mzee pole. Mimi langu ni la biashara.

Nashona sare za shule. Msimu wetu Desemba na Januari, ukishapita huo unabaki kupunguza suruali za watu. Mwaka juzi nikajikusanya, nikalipia tangazo kwa wiki nzima. Tangazo limesomwa vizuri, kuna na muziki nyuma, ila namba yangu ya simu tarakimu mbili za mwisho wamezigeuza. Nasikiliza mwenyewe dukani nafurahi jina langu, namba sikuizingatia, nani anasikiliza namba yake?

Siku tatu simu kimya. Ya nne akaja mteja wangu wa zamani anacheka. Amepiga ile ya redioni, kapokea babu mmoja yuko Pangani, kamwambia, "Mwanangu, mimi navua. Kama unataka ngisi karibu, sketi sina." Babu wa watu alikuwa keshajibu hivyo siku tatu.

Nikaenda redioni na risiti yangu. Walinipokea kwa heshima, maji ya kunywa wakanipa, wakasema watanifidia. Wakanifidia kwa kulirusha tangazo saa sita usiku. Saa sita usiku nani anatafuta sketi ya bluu?

Kilichonisaidia ni kitu kingine. Wiki iliyofuata mada ikawa bei za vitu vya shule. Nikapiga kama msikilizaji wa kawaida. Nikaeleza jora la kitambaa cha bluu tunalipata bei gani kwa jumla, nikaeleza kwa nini shati la mtoto wa darasa la kwanza na la darasa la nne fundi anakutoza karibu sawa: kazi ya kola na vifungo ni ileile, kinachopungua ni kitambaa tu. Mtangazaji akauliza, "Mama duka lako liko wapi?" Nikamwambia. Kufikia adhuhuri nina foleni hadi kibarazani. Tangu siku hiyo pesa ya tangazo nanunulia uzi.

Mwalimu Chaki

Naomba na sisi walimu tusikilizwe.

Kuna asubuhi mzazi alipiga simu kulalamika kwamba shuleni kwetu watoto wanarudishwa nyumbani kwa mchango wa mitihani. Shule ikatajwa. Saa mbili na nusu afisa wa elimu yuko getini, mwalimu mkuu hata chai hajanywa.

Sasa mambo yalivyo. Elimu bila malipo ilianza 2016, ada haipo, na ruzuku inakuja kulingana na idadi ya watoto. Mlinzi wa usiku je? Kudurufu mitihani ya kujipima je? Wazazi wenyewe walikaa kikao, wakakubaliana, muhtasari upo umesainiwa. Hiari. Kosa letu, nalikiri, ni mwalimu mmoja aliyewasimamisha mstarini ambao hawajaleta. Hilo halikuwa halali, na mzazi alikuwa na haki ya kupiga kelele.

Lakini redio haikupiga shuleni hata mara moja kabla ya kumrusha mzazi yule, na namba ya mwalimu mkuu imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, kila mtu anaiona. Nikapiga kesho yake, nikapewa dakika mbili katikati ya tangazo la gesi na tangazo la mganga. Katika dakika mbili unaeleza ruzuku au unajitetea? Nikaishia kujitetea. Nilisikika kama mwizi.

Niseme na jingine ili nisiwe mnafiki. Aliyewasimamisha watoto mstarini hajarudia. Barua tatu za mwalimu mkuu zilikuwa hazijamfanya kitu.

Yuko Muscat

Mimi nasikiliza kwa intaneti, niko Oman mwaka wa tisa. Sijawahi kupiga. Nasikiliza kipindi cha soko asubuhi, kwangu ni saa moja mbele, nafanya usafi huku wanasoma bei ya samaki wa soko la Deep Sea hapo Tanga, changu, tasi, kibua. Bosi wangu aliniuliza kwa nini nasikiliza bei ya samaki ambao siwezi kuwanunua. Nikamwambia ni Kiswahili hicho. Hakunielewa, nami sikuendelea.

Mvita Mimi

Watu wa Tanga hamjambo. Huku Mombasa hayo tunayajua toka enzi za Sauti ya Mvita, wakati wa mkoloni, na leo kuna Pwani FM na nyenginezo. Mada ikiwa ni asili ya jina la mtaa, usitarajie kupata laini mpaka magharibi. Nilipata mara moja, nikasema "halo", salio likaisha. Ndiyo hadithi yangu yote.

Fundi Mitambo

Nimeusoma uzi huu jana usiku nikashindwa kulala, kwa sababu mimi ndiye mnayempigia. Si mtangazaji. Yule anayekaa upande wa pili wa kioo.

Mnadhani kuna mtambo mkubwa. Simu ni moja, ya kawaida, kioo kimepasuka kona, imechomekwa waya kwenda kwenye mixer. Ikiingia simu napokea, nauliza jina na unapotoka, nakwambia zima au punguza redio, halafu napandisha kitufe, upo hewani. Kifaa cha kuchelewesha sauti hatuna, kwa hiyo mtu akitukana limeshatoka, kazi yangu ni kuwa na kidole chepesi. Wapigaji wa kila siku nimewahifadhi kwa majina yangu mwenyewe. Kuna "Mzee Hasira", kuna "Mama Dua", kuna "Usimrushe Ijumaa". Mzee wa Barabara ya Nane, kama ni wewe ninayekudhani, mara zile kumi na moja nilikuona. Nisamehe, tulikuwa tumeshahamia kwenye michezo, Coastal Union walikuwa na mechi Mkwakwani.

Kuhusu namba ya Mama Sare: sikuwa mimi, lakini najua inavyotokea. Tangazo linaletwa limeandikwa kwa mkono, anayelisoma anajitolea, analipwa nauli, na siku hiyo kasoma matangazo kumi na nne. Hakuna wa kuhakiki. Na Mwalimu, kwako sina utetezi. Mtangazaji anaona mzazi mwenye uchungu ni simu nzuri, na ya mwalimu mkuu anaiona itapooza kipindi. Nimeshamwambia zaidi ya mara moja.

Ila nataka kuwaeleza kuhusu vipindi vya historia, maana ndivyo vinavyoniweka pale. Historia haina mdhamini. Bei ya samaki ina mdhamini, mpira una wadhamini watatu, historia tunaiingiza mahali ambapo hakuna aliyelipia. Kila Novemba tunafanya Vita ya Tanga ya 1914. Mgeni wa studio anaeleza Waingereza walivyoleta askari kama 8,000 kutoka India, Wajerumani wa kamanda von Lettow-Vorbeck wakiwa kama 1,000 tu, wengi wao askari wa Kiafrika, na jinsi Waingereza walivyorudi melini wameacha hadi bunduki. Halafu tunafika kwenye nyuki waliowauma askari vitani, na hapo simu yangu inaanza kuchemka.

Mwaka mmoja mgeni alisema Wajerumani waliwatega nyuki kwa nyaya. Akapiga mzee wa Handeni, mfugaji nyuki, sauti ya taratibu kabisa. "Mwanangu, nyuki hafundishwi vita. Mzinga ukitikiswa na risasi anatoka, anamchoma atakayemkuta. Na Wajerumani walichomwa, uliza." Mgeni akapekua karatasi zake, akakubali: ni kweli waliumwa pande zote mbili. Baada yake akaingia bwana wa Pongwe. Babu yake alikuwa kibarua wa reli, na kwao husimuliwa mabehewa yaliyoteremka kutoka Moshi usiku yamejaa askari. Reli ilikuwa imefika Moshi tangu 1911, na bila reli hiyo von Lettow asingewahi. Mgeni alikuwa amesoma vitabu, hawa wawili walikuwa na vya kwao, na kwa dakika arobaini sikugusa kitufe cha tangazo. Meneja alinipigia nikamwambia kompyuta imeganda.

Sasa kinachonikosesha usingizi. Kipindi kile kilirekodiwa. Na cha Karimjee cha Jumanne kipo. Na cha taarabu kipo, Mzee, na maneno yako yote. Lakini kompyuta ya studio ikijaa tunafuta vya zamani ili kupata nafasi ya nyimbo na matangazo. Mfugaji nyuki yule amebaki kwa kuwa nimemwita jina la uongo kwenye faili, ukitazama utadhani ni programu ya printa. Meneja amesema mwisho wa mwezi wanakuja kufomati.

Mzee wa Barabara ya Nane

Kumbe mimi ndiye Mzee Hasira?

Fundi Mitambo

Mzee wangu, shikamoo. Hapana. Wewe ni "Mzee Taarabu".

Mwana wa Makorora

Fundi, nina diski ya nje, nusu yake tupu. Nikija Jumamosi saa nne asubuhi nitakukuta zamu, au niulizie nani pale mlangoni?