Asumini ya marehemu mama, hapa Leicester, mwezi wa Machi

MwanaTanga
Assalaam alaykum. Mama alifariki Tanga mwezi wa Novemba na sikuwahi mazishi. Sasa baridi inalegea huku Leicester, vimaua vimeanza kutokeza kwenye nyasi, nami nataka kulea asumini kwa ajili yake, ile ya kutungia vikuba. Sina uwanja, nina dirisha linalotazama kusini. Ninunue ipi? Naweza kuletewa kipande cha mti wake mwenyewe? Na jingine: jua likitoka nachangamka, kisha nasutwa na moyo kama nimemsahau. Nifanyeje?

Kibarazani
Pole sana dada, Mwenyezi Mungu amrehemu mama. Soma kibandiko: unayoitaka ni *Jasminum sambac*. Wakati huu madukani kumejaa vyungu vya mmea uliozungushiwa waya wa duara, wenye vitumba vya rangi ya waridi. Hiyo ni *Jasminum polyanthum*. Inanukia, lakini si ya kwetu. Ile ya manjano inayochanua nje ukutani wakati wa baridi ni *Jasminum nudiflorum*, na haina harufu. Sambac utaipata kwa wauzaji wa mimea ya ndani, mara nyingi kwa kuagiza.

Umeuliza wakati mzuri. Asumini huchanua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo Machi ndiyo ya kupogoa: punguza kila tawi kwa theluthi, ukate juu kidogo ya pacha ya majani, na uondoe vijiti vikavu. Usiionee huruma. Ikibaki na matawi marefu ya mwaka jana, itarefuka tu na maua yatakuwa machache. Aprili utaona ncha za kijani kwenye mapacha hayo, na maua huanza kiangazi, Juni hivi.

Chungu kipya kizidi cha zamani kwa sentimita 2 au 3 tu. Kikiwa kikubwa mno, udongo ambao mizizi haijaufikia hukaa na maji, na mizizi huoza. Changanya mboji sehemu 3 na perlite (vijiwe vyeupe vyepesi vya kulegeza udongo) sehemu 1. Mwagilia udongo wa juu ukikauka hadi pingili ya kwanza ya kidole. Kuanzia Aprili ipe mbolea ya maji inayouzwa kwa ajili ya nyanya kila baada ya wiki 2. Mbolea yenye naitrojeni nyingi huleta majani bila maua.

Makosa yanayoua asumini nyingi huku ni mawili. La kwanza ni pazia: ukilifunga usiku chungu kikabaki upande wa kioo, kinalala kwenye baridi kali, na asumini haitaki chini ya nyuzi 10. Kisogeze ndani kabla ya kufunga. La pili ni hita: hewa kavu huleta utitiri mwekundu. Geuza jani, ukiona vidoa vidogo na utando mwembamba, peleka chungu bafuni uoshe majani kwa maji ya vuguvugu, hasa upande wa chini, urudie kila baada ya siku chache.

Mwashamba
Kuhusu kipande cha mti wa mama: asifunge mtu kwenye begi. Mmea wa kupanda hauingii Uingereza bila cheti cha afya ya mimea, na kwa Tanzania hutolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Udongo wa huko ndio hauruhusiwi kabisa. Forodha wakikamata, wanaharibu, na hilo litakuumiza mara ya pili. Waambie ndugu wakatie vipande wapande kwao, mti wa mama usibaki mmoja.

Bi Mkubwa wa Mrima
Mwanangu, kwenye dini yetu matanga ya mzazi ni siku 3. Miezi 4 na siku 10 ni ya mjane kwa mumewe. Huzuni ya moyo haikupangiwa siku, lakini hakuna ulipoamrishwa kukataa furaha. Ukichangamka, hapo hapo mwombee dua. Dua ya mtoto mwema inamfikia.

Jiandae na mambo mawili ya majira haya. Siku ya Mama ya Uingereza huangukia Machi au mwanzoni mwa Aprili, na maduka hutuma barua pepe mfululizo; mengi yana kitufe cha kujitoa kwenye hizo tu, kibonyeze mapema. Halafu Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele, na tofauti na Tanga inatoka saa 3 hadi 2. Ile saa uliyozoea kumpigia itahama, na wengi huumia hapo bila kujua kwa nini. Ipangie kazi: mpigie khalati, au soma Yasin.

Usingizi ukikupotea wiki nzima, au kazi ikikushinda, nenda kwa daktari wako. Ukijiwa na fikra za kutotaka kuishi, usingoje miadi. Samaritans, shirika la kuwasikiliza wenye dhiki kwa simu, wapo usiku na mchana kwa 116 123, bure.

MwanaTanga
Ahsanteni sana. Nimeagiza sambac. Dada yangu yuko Birmingham, anataka na yeye.

Kibarazani
Subiri Juni. Kata ncha changa ya sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya pacha, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanganyiko ule ule ulio na unyevu, ufunike kwa mfuko wa plastiki mbali na jua kali. Mizizi huchukua wiki 4 hadi 6. Chomeka 4 au 5, maana si vyote hushika.