Mrejesho: Tumepata nyumba ya wageni ya kula sikukuu

Wapendwa, nimerudi. Niliomba ushauri wa nyumba ya wageni huko mashambani, tule chakula cha sikukuu watu tisa, mama akiwa na magoti yanayomsumbua na mjukuu wa miaka 2. Tumepata! Mliosema nipige simu nisiamini picha, mmeniokoa. Ya kwanza ilipendeza pichani, kumbe jiko lao hufungwa siku yenyewe ya sikukuu. Ya pili wanapika, ila kwa awamu moja tu, saa saba mchana, na unatanguliza malipo. Nikauliza habari za ngazi. Wakatuandalia meza ghorofa ya chini, kando ya dirisha. Mama alikaa pale mpaka giza likaingia, mjukuu kamlalia mapajani, hataki tuondoke. Asanteni sana, jamani.