Lenzi ya mm 100-400 au mm 150-600 kwa chozi wa Mlima Kenya alfajiri ya baridi?

Kipanga_Meru
Wadau, shabaha ni kumpiga picha yule chozi (ndege mdogo anywaye nekta) wa kwenye lobelia, mimea mirefu ya maua ya mlimani, dume wa kijani kinachometa mwenye mkia mrefu na vishungi vyekundu pembeni mwa kifua. Bodi ni Canon ya sensa ya kropu 1.6 (sensa ndogo, inayobana upana wa picha mara 1.6). Lenzi mezani ni mbili: Canon EF 100-400 toleo la II na Sigma 150-600 Contemporary. Nautaka ule mwanga wa dhahabu wa jua linapochomoza. Nibebe ipi?

Bi_Lenzi
100-400, bila kufikiria mara mbili. Watu watakuambia habari ya uzito, lakini kilo 1.6 na kilo 1.9 hazitofautiani kihivyo. Tazama umbali wa chini wa kufokasi: Canon inashika kuanzia sm 98, Sigma inataka mita 2.8. Dume huyu hulinda mashina yake ya lobelia na huyarudia yaleyale, kwa hiyo ukikaa kimya kando ya shina lenye maua atakujia mpaka mita 4 au chini ya hapo. Kwa mita 4, milimita 400 kwenye sensa yako inaona upana wa sm 20 hivi, na ndege mwenyewe pamoja na mkia anapita sm 25. Utalazimika kuirudisha zumu mpaka mm 250 ili mkia usikatwe. Hiyo 600 utaitumia wapi?

Mzee_wa_ISO
Kwa shakivale, yule ndege mkubwa wa mawindo, Bi Lenzi! Na kwa chozi aliye mita 10, ambaye 600 inamweka vizuri kabisa kwenye fremu. Mlimani si kila ndege atakuja miguuni pako. Halafu wanaoilaumu f/6.3 ya Sigma (uwazi wake wa kuingiza mwanga) wanakuza mambo, tofauti na f/5.6 ya Canon ni theluthi moja ya stopu, yaani mwanga kidogo tu. Jua likishachomoza, anza na kasi ya shata 1/1000 ya sekunde, f/5.6, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 1600, kisha ishushe ISO kadiri jua linavyopanda. Aliyetua anatosheka na 1/500, anayeruka mpe 1/2000. Na usiache mizani ya nyeupe (mpangilio wa rangi ya mwanga) kwenye oto, itaifuta dhahabu yote unayoifuata. Weka Kelvin 5500 mpaka 6000 na upige RAW, faili ghafi unayoweza kuirekebisha baadaye.

Njia_ya_Chogoria
Mnabishania lenzi kabla ya kujua atasimama upande gani wa mlima. Ikweta jua hupanda wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo dhahabu yako ni dakika 25 hivi tangu lichomoze, karibu saa 12 na nusu asubuhi. Ukilala kambi ya Mackinder's, njia ya Naro Moru, uko magharibi ya vilele, ndani ya bonde la Teleki. Vilele vinalikinga jua, na likikufikia limeshakuwa jeupe. Ungesubiri la jioni, ila mchana mawingu hupanda na mara nyingi hufunika kila kitu. Kambi ya Shipton's nako kuta za bonde ni ndefu. Upande wa Chogoria, kwenye uwanda wa Ziwa Ellis, mashariki ni wazi na jua linakupiga moja kwa moja. Kambi ya Old Moses, mita 3,300 kwenye njia ya Sirimon, nako ni wazi.

Bi_Lenzi
Hapo kweli. Nami niongeze kuhusu mwelekeo: ile kijani si rangi ya kupakwa, inatokana na muundo wa manyoya. Jua lazima liwe mgongoni mwako. Likiwa nyuma ya ndege, dume anageuka mweusi kama mkaa, na huko kwenye kompyuta hakuna atakayemrudisha. Ukitaka mwanga wa nyuma, uweke kwenye Lobelia telekii, lobelia yenye majani membamba kama manyoya, yanawaka vizuri sana, au kwa ndege wa kahawia wasiometa.

Kipanga_Meru
Nimeelewa, Chogoria basi. Na baridi? Nasikia betri hufa.

Mzee_wa_ISO
Kamera ilale nje ya chumba cha hema, ndani ya begi lake. Betri zilale nawe kwenye slipingi begi. Lenzi yenye joto ikitolewa ghafla kwenye hewa ya barafu, hewa ndani ya hudi (kikinga cha mbele ya lenzi) inacheza na picha inakosa ukali, utadhani fokasi imekosea. Kama imelala ndani, itoe nusu saa kabla. Betri iliyoonyesha imekwisha ipashe mfukoni, mara nyingi inarudi na picha kadhaa. Usipumulie kioo cha kutazamia, mvuke unaganda papo hapo. Hudi iwe imefungwa muda wote, inazuia umande kwenye kioo cha mbele.

Njia_ya_Chogoria
Ukirudi kwenye joto, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, na usiufungue mpaka ipate joto la chumba. Wengi wanaokoa betri halafu wanajaza maji ya umande ndani ya lenzi.

Kipanga_Meru
Tripodi au monopodi (mguu mmoja)?

Bi_Lenzi
Kwa 100-400, monopodi. Ardhi ni matuta ya nyasi yenye tope chini, miguu mitatu hukaa upandeupande na utatumia zile dakika 25 kuisawazisha.