Sahihi za nauli si ushahidi kwamba vijana wa mashinani tumesikilizwa

Wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Katika kaunti yetu hapa Pwani ya Kenya, ifikapo mwezi wa Mei, vijana wa wadi za bara hukusanywa kwa mabasi hadi kwenye ukumbi wa hoteli mjini, wakavishwa fulana zilizoandikwa kwamba sauti ya kijana inapazwa, wakasikiliza hotuba za wakubwa hadi adhuhuri, kisha wakaachiwa dakika chache kabla ya chakula waeleze shida zao. Jioni hupanga foleni kutia sahihi ili walipwe nauli. Orodha hiyo hiyo ya nauli ndiyo huambatishwa kwenye ripoti kuthibitisha kwamba vijana walishirikishwa katika bajeti.

Huo ni uongo, na tarehe zenyewe zinausuta. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kijana anayealikwa mwezi wa Mei anakuta silanga (bwawa la maji) itakayochimbwa, barabara itakayokarabatiwa na chuo cha ufundi kitakachopewa vifaa vimekwisha kuandikwa. Bunge la kaunti lingali na nafasi ya kurekebisha kabla ya mwezi wa Juni kwisha, lakini atapendekeza marekebisho gani mtu ambaye hajaoneshwa hata ukurasa mmoja wa makadirio hayo?

Nyaraka zikipatikana, basi ni kwa Kiingereza kitupu, zimejaa majedwali, na hupatikana kwenye tovuti ambayo kijana wa kijiji kisicho na mtandao hawezi kuifungua. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanikishe ushiriki wa umma, na cha 55 kinaitaka serikali ihakikishe vijana wanapata nafasi ya kushiriki katika siasa, uchumi na jamii. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba fulana inatosha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba vijana hawa wana mambo mazito ya kusema. Kijana mmoja wa wadi yetu alisimama akauliza kwa nini karakana ya chuo cha ufundi ilijengwa na kuachwa bila mashine wala mwalimu, akaambiwa kwamba hilo litazungumzwa nje. Halikuzungumzwa. Picha yake akiwa ameshika kipaza sauti, hata hivyo, ilitumiwa kupamba ripoti, na hakuna aliyemwomba idhini.

Tunachodai ni vikao vifanyike Julai na Agosti, kabla ya mpango kuandikwa, katika shule na mabaraza ya wadi zetu, muhtasari wa Kiswahili ukiwa umesambazwa mapema, na kila pendekezo lijibiwe kwa maandishi: limekubaliwa au limekataliwa, na kwa sababu gani. Wenzetu wa kaunti nyingine ambao mmewahi kutumia Kifungu cha 35 cha Katiba, kinachompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, kuomba kumbukumbu za vikao kama hivi, tafadhali elezeni hapa mliiandikia ofisi ipi na mlijibiwa nini, kwa maana tunaandaa barua yetu.