Naomba ushauri: kupasha maziwa ya dang'a bila kuharibu kingamwili

Habari zenu wafugaji wenzangu. Mbuzi wangu anakaribia kuzaa na vipimo vimeonyesha ana virusi vya CAE, vile vinavyovimbisha magoti. Virusi hivyo hupita kwenye maziwa, kwa hiyo sitaki mtoto amnyonye kabisa. Lakini mwanambuzi huzaliwa karibu bila kingamwili. Lazima azipate kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, saa za mwanzo, maana ikipita siku moja utumbo hauzipitishi tena kwenye damu.

Najua ili kuua virusi, dang'a hupashwa kwa nyuzijoto 56 hadi 57 za Selsiasi kwa dakika 60. Kinachonisumbua ni kulishikilia joto hilo. Nikiweka sufuria ndani ya maji ya moto, pembeni panapanda haraka kuliko katikati, na yakizidi 60 yanaanza kuwa mazito kama uji na kingamwili zinaharibika. Je, chupa ya chai iliyopashwa kwanza kwa maji ya moto itatunza joto saa nzima? Na mliowahi kugandisha dang'a ya mbuzi asiye na virusi, mnaiyeyushaje? Anaweza kuzaa usiku wowote, naombeni sana msaada.