Gumzo la ukoo: marufuku ya kompyuta ya 1974

*Jumamosi, saa 1:52 usiku*

Rehema: Shikamooni wote. Babu, shikamoo. Naomba kuuliza. Leo mwalimu katuambia darasani kwamba mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kompyuta na televisheni, zote mbili. Darasa zima tumebaki midomo wazi. Kuna anayejua habari hii?

Iddi: Ni kweli. Ukitaka kuleta kompyuta ilibidi upate kibali maalumu. Na cha ajabu ni kwamba kabla ya hapo tulikuwa nazo tayari. Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965.

Rehema: Yaani tulikuwa nazo, halafu tukazikataa?

Hamisi: Ndiyo hivyo mwanangu. Ndiyo maana tuko hapa tulipo. Wakenya walikuwa na televisheni tangu 1962. Sisi huku Bara hadi 1994, na hapo walioanzisha ni watu binafsi, ITV na wenzao. Televisheni ya Taifa ikaja nyuma yao. Miaka thelathini na mbili. Mtoto anazaliwa, anaoa, anapata watoto wake, nchi yake bado haina televisheni. Nitalisema hili mpaka nizeeke: Mwalimu Nyerere alifanya mengi mazuri, lakini hapa alitukosea.

Mwajuma: Hamisi, taratibu. Baba yumo humu.

Hamisi: Dada, simtukani mtu. Nasema ninachoamini.

Mama Salum (Unguja): Assalam alaykum. Nyie wa Bara semeni nyie. Siye tulikuwa nayo, tena ya rangi! TVZ, televisheni ya Zanzibar, imeanza mwanzoni mwa miaka ya 70, mie mtoto mdogo. Mtaani petu ilikuwepo moja kwa jirani, jioni uwanja unajaa, wengine wamepanda ukutani. Kusini ya Sahara hakuna aliyetutangulia kwa televisheni ya rangi.

Iddi: Anti yuko sahihi. Na Dar watu waliinua antena juu ya bati ili kuishika TVZ. Nchi moja, rais mmoja, upande mmoja una televisheni ya rangi, upande wa pili ni marufuku kuingiza seti.

Mama Salum (Unguja): Tena Karume, Rais wetu wa Zanzibar, ndiye alieitaka, akauliwa Aprili 1972 hajaiona. Mzee Jumbe aliyemrithi akaimaliza.

Mwajuma: Mimi nitasema la upande mwingine. Rehema, chukua kalamu. Mwaka 1973 ilikuwepo kampeni ya afya ya redioni, Mtu ni Afya. Nilikuwa na miaka saba. Kijijini kwa bibi yenu watu walikuwa wanakaa chini ya mwembe, redio moja katikati, kipindi kinasomwa kutoka Dar es Salaam, kikiisha mwenyekiti wa kikundi anauliza: haya, wangapi wana choo? Wiki kumi na mbili. Nchi nzima walishiriki watu kama milioni mbili. Nilimbebea mama maji ya kunywa akichimba choo chetu, na udongo ule mwekundu nauona hadi leo. Hakuna televisheni ambayo ingefika pale. Umeme wenyewe hakuna. Betri za National mbili, basi, kijiji kizima kinasoma.

Mwajuma: Na msisahau, wakati wa sensa ya 1967 theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma. Ungekuwa wewe na hela ni kidogo, ungenunua televisheni za matajiri wa Oysterbay, au kisomo?

Hamisi: Dada, hoja ya televisheni naielewa. Ni anasa, sawa. Lakini kompyuta? Kompyuta si anasa. Hiyo ni sawa na kukataza kalamu.

Iddi: Anko, kuna mambo mawili pale. La kwanza ni fedha za kigeni. Oktoba 1973 mafuta yakaanza kupanda, ndani ya miezi michache bei ikawa karibu mara nne. Ukame ukapiga wakati huohuo, tukawa tunanunua mahindi nje. Kompyuta ya enzi ile si hii ya kuweka mapajani. Ni chumba kizima, kina viyoyozi vyake, fundi wake ni Mwingereza, kipuri chake kinalipiwa kwa pauni. La pili ndilo watu wengi hawalijui: kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta ilifeli. Hesabu zilivurugika. Serikali ikaona imelipa pesa nyingi kwa kitu kinachoileta hasara, na wanaokielewa ni wageni.

Iddi: Mimi naandika programu kila siku na nawaambieni, mradi wa namna hiyo ukifeli leo, kampuni inafungwa. Kwa hiyo uamuzi wa kusimama ninauelewa. Na tusijione peke yetu. Afrika Kusini, na utajiri wake wote, haikuwa na televisheni ya taifa hadi Januari 1976. Makaburu walikuwa wanaogopa kile ambacho watu wangekiona.

Hamisi: Umejibu mwenyewe. Waliogopa watu wasione. Na wa kwetu je? Mwaka huohuo 1974 watu walikuwa wanapakiwa kwenye malori kupelekwa vijiji vya ujamaa. Picha zile zingeonyeshwa saa mbili usiku nchi nzima, unadhani ingekuwaje?

*Saa 2:31 usiku*

Babu: 🎤 Ujumbe wa sauti (4:07)

Mama Salum (Unguja): Shikamoo Baba. Mie niko garini natokea Chwaka, siwezi kufungua sauti. Rehema mwanangu, niandikie aliyoyasema.

Rehema: Sawa mama mdogo, nakupa maneno ya Babu neno kwa neno kadiri nilivyosikia:

"Nawasikia wote. Hamisi, hujanikosea, sema tu. Mimi nilikuwa karani wa hesabu kwenye ofisi moja ya mkoani, jina la ofisi tuliache. Nilianza 1965. Kazi yetu ilikuwa leja. Leja kubwa, nzito, wino wa bluu na wino mwekundu. Baadaye tukaambiwa hati zote za malipo zipelekwe Dar es Salaam, kule kuna mashine. Zinatobolewa kwenye kadi, kadi zinaliwa na mashine, inatema makaratasi marefu. Makaratasi yanarudi mkoani yamechelewa miezi, na yakifika hayafanani na leja yetu. Sisi tukawa tunafanya kazi mara mbili. Leja hatukuiacha.

"Sasa mwezi mmoja jina langu halikuwemo kwenye orodha ya mishahara. Nimekuwemo miaka yote, mwezi ule simo. Nikaenda kwa mkubwa wangu, akaniambia, mashine haikukutoa, haikuchapa jina lako. Nikamwambia, lakini mimi nimesimama hapa mbele yako. Akasema, ndiyo, nakuona, lakini mashine haikukutoa. Miezi miwili. Mwajuma ulikuwa mtoto wa chekechea, mama yenu aliuza kanga zake mbili. Iliyoniuma si njaa. Iliyoniuma ni kwamba hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Kwenye leja, karani akikosea unamfuata mezani kwake, anakwangua, anaandika upya, anasaini. Mashine ile nani alikuwa anaijua? Mzungu mmoja Dar es Salaam.

"Kwa hiyo lilipotoka agizo la kuzuia kompyuta, nilishangilia. Sikuambiwa na mtu nishangilie. Nilishangilia kwa moyo wangu."

Ndiyo mwisho wa sauti.

Mwajuma: Baba, zile kanga hukuwahi kutuambia.

Hamisi: Baba, pole. Hili nalisikia leo.

Babu: Ni ya zamani.

Iddi: Babu shikamoo. Hicho ulichokisema ndicho watu wanachobishania duniani hadi sasa. Mtu ananyimwa mkopo kwenye simu, anauliza kwa nini, anajibiwa "mfumo umekataa". Mashine haikukutoa. Ni maneno yaleyale.

Hamisi: Lakini Baba, niruhusu niulize. Dawa ya mashine mbovu ni kufundisha vijana wetu waijue, ili awepo wa kumfuata mezani. Sisi tuliifungia mashine nje. Yule Mzungu akaenda na ujuzi wake. Tukabaki na nini?

Mwajuma: Tulibaki na shule. Azimio la Musoma, Novemba 1974, kila mtoto wa Tanzania asome shule ya msingi. Wewe Hamisi umesoma kwa azimio hilo.

Hamisi: Nimesoma, namshukuru Mungu. Lakini kompyuta nimeigusa mara ya kwanza nina miaka thelathini, na aliyenifundisha kushika kipanya ni mtoto wa miaka kumi na mbili. Dada, haya si mambo ya kuchagua moja. Ukimfundisha mtu kusoma halafu ukamficha kitabu cha enzi yake, umemfikisha nusu ya njia.

Mama Salum (Unguja): Shemeji hapo umesema.

Babu: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:22)

Rehema: Babu anasema: "Hamisi amesema kweli, na mimi ni shahidi. Kompyuta zilipoanza kurudi ofisini, miaka ya 90, sisi wa leja tulikuwa tumeshafika miaka hamsini. Hakuna aliyetuita tukae tufundishwe. Ikaja orodha ya kupunguzwa kazi. Safari hii jina langu lilikuwemo. Tulikuwa na miaka ishirini ya kujiandaa na hatukujiandaa. Marufuku siilaumu. Nalaumu ile miaka ishirini."

Iddi: Naomba niiandike hii mahali nisiisahau.

Rehema: Na mimi naiweka kwenye kazi yangu ya darasani, Babu ukiniruhusu. Sitaandika jina.

Babu: Andika.

*Saa 3:10 usiku*

Iddi: Anko Hamisi, nikuongezee moja la kukupa moyo. Pamoja na kuchelewa kote, 2008 M-Pesa ikaingia hapa, mwaka mmoja tu baada ya Kenya. Halafu 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakaunganisha mitandao yao, mtu wa huku anamtumia pesa wa kule bila shida, Voda akaingia 2016. Duniani nchi zilizokuwa zimefika hapo zilikuwa chache mno. Vijana wa nchi iliyokataza kompyuta. Kwa hiyo akili haikupotea, ilikuwa inasubiri mlango.

Hamisi: Na mlango ukishafunguliwa usifungwe tena. Kwa hiyo niseme kilichonileta kwenye mjadala huu tangu mwanzo. Oktoba 29 mwaka 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima. Siku zikapita. Mimi hapa Mbeya nina duka, mzigo wangu naagiza Kariakoo kwa picha na ujumbe. Hilo nalisamehe, hasara ya duka inafidiwa. Lakini Iddi alikuwa Dar. Mtoto wa dada yangu. Nilimwandikia "uko salama?" nikaona tiki moja. Kesho yake tiki moja. Keshokutwa tiki moja. Nililala na simu kifuani.

Mwajuma: Mimi sikulala kabisa. Nilikuwa nakaa kwenye mkeka naangalia hiki kikundi, ujumbe wa mwisho ni wa Mama Salum kutuombea dua.

Iddi: Mama, nilikuwa ndani. Nilikuwa naandika na haziendi. Zilikuja kuondoka zote kwa pamoja.

Mwajuma: Najua mwanangu. Zilifika kumi na tisa kwa mkupuo. Nilizihesabu.

Hamisi: Ndiyo maana nikisikia 1974 damu inachemka. Sioni kama ni historia. Naona mkono uleule, unaoamua kwamba mimi nisione, nisiseme, nisisikie, kwa faida yangu.

Iddi: Anko, hapa tutatofautiana kidogo. 1974 serikali ilikataa kununua kitu ambacho karibu hakuna mwananchi aliyekuwa nacho. 2025 watu walinyang'anywa kitu kilichokuwa mikononi mwao, wamekilipia bando kwa pesa yao. Ya kwanza naweza kukaa na Mwalimu mezani tukabishana. Ya pili sioni cha kubishania.

Mwajuma: Hata mimi sioni. Na mimi ndiye niliyetetea redio hapa. Mtu ni Afya ilikuwa inafungua mdomo wa watu. Kipindi kikiisha, kikundi kinazungumza. Hakuna aliyetuzimia redio katikati ya kipindi.

Hamisi: Hapo tumekubaliana, dada.

Mama Salum (Unguja): Nimeshafika nyumbani. Nimesoma yote na nimesikiliza sauti zote mbili. Baba, zile kanga zimeniliza.

Rehema: Babu, swali la mwisho nisikusumbue. Ile orodha ya mashine ilikuwaje? Karatasi yake ilifananaje? Mwalimu anatafuta kitu chochote cha enzi ile, anasema hajawahi kukishika.

Babu: Ninayo.

Rehema: 😳 Babu, unayo orodha yenyewe?

Babu: Nakala. Karani wa mishahara alinipa nikaonyeshe juu. Imo sandukuni na vyeti.

Iddi: Babu piga picha tafadhali!

Babu: Usiku simu haioni vizuri. Asubuhi.

*Jumapili, saa 1:15 asubuhi*

Babu: 📷 Picha

Babu: Ni ile yenye matundu pembeni. Mistari ya kijani imefifia. Majina ya wenzangu nimeyafunika na kitambaa, wengine watoto wao wapo. Angalieni namba za kushoto. 14, halafu 15. Mimi nilikuwa hapo katikati.

Hamisi: Nimeiona Baba.

Mwajuma: Nimeiona.